PA ndiye aliyehudumia, daktari yuko likizo: dai liende kwa jina la nani?

Msomaji wa Minnesota, Marekani, ameniandikia kuhusu PA (physician assistant, mhudumu wa tiba anayefanya kazi pamoja na daktari) na Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee:

"Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, nina miezi 7 tangu nianze kazi ya kuandaa madai ya bima kwenye kliniki ndogo ya daktari mmoja. Mwezi uliopita tuliajiri PA. Wiki hii daktari ameondoka likizo ya wiki 2, kwa hiyo PA ndiye anayeona wagonjwa wote, na wengi ni wazee wa Medicare. Usajili wake Medicare haujatoka. Meneja ameniambia niweke NPI (namba ya utambulisho) ya daktari kwenye kila dai, eti inaruhusiwa, inaitwa insidenti-tu, na daktari anapatikana kwa simu. Nimeshatuma za siku 4. Moyo hautulii. Ni sawa? Na kwa nini Medicare inampunja PA? La mwisho ni langu binafsi: nyumbani nilikuwa tabibu wa diploma. Naweza kuwa PA huku?"

Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate, maana najua foleni ya madai haikusubiri: si sawa. Simamisha leo. Usitume dai jingine la Medicare lenye NPI ya daktari kwa mgonjwa aliyeonwa na PA huku daktari yuko ufukweni. Hizo za siku 4 zinarekebishika, tena bila makelele, mradi zishughulikiwe sasa. Na moyo wako usiulaumu, umefanya kazi ambayo meneja alipaswa kuifanya.

Meneja hakulitunga hilo neno. Insidenti-tu, kwa Kiingereza "incident to", ipo kweli, imo kwenye kanuni za Medicare, na kliniki nyingi zinaitumia kihalali kila siku. Sikio la Kiswahili linadanganywa na ile "tu" ya mwisho, likadhani ni jambo dogo tu, ruhusa tu. Kumbe ni utaratibu wenye masharti, na sharti moja likikosekana hakuna nusu yake.

Wazo lenyewe ni hili. Daktari akimwona mgonjwa, akajua tatizo, akapanga matibabu, kazi inayofuata inaweza kufanywa na mtu mwingine wa kliniki kama sehemu ya kazi ya daktari yule. Muuguzi akichoma sindano aliyoagiza daktari, Medicare inaihesabu kuwa huduma ya daktari. PA naye akimwona mgonjwa huyo kwenye ziara ya kufuatilia mpango uleule, kliniki inaweza kudai kwa jina la daktari na kulipwa asilimia 100 ya kiwango. Ila daktari awe ndiye aliyeanzisha matibabu ya tatizo hilo, awe bado anashiriki kuyasimamia, huduma itolewe ofisini na si hospitalini, na saa ile PA anapohudumia, daktari awepo. Kuwepo maana yake awe ndani ya ofisi hizohizo, anayeweza kuitwa akaja mara moja. Si lazima aingie chumbani. Lakini akiwa amevuka barabara kwenda kula mchana, hayupo. Akiwa kwenye raundi hospitalini, hayupo.

Tangu janga la korona Medicare imekubali kwa huduma nyingi kwamba huko "kuwepo" kunaweza kuwa kwa video ya moja kwa moja, sauti na picha pamoja. Pengine meneja wako aliisikia habari hiyo nusunusu. Simu ya sauti peke yake haihesabiki. Na hata kwa video, daktari lazima awe tayari kuingia papo hapo wakati mgonjwa yuko chumbani. Mtu aliye likizo, simu mfukoni, anayejibu ujumbe akipata nafasi, hajawahi kuwa msimamizi wa namna hiyo.

Hapa kuna mkanganyiko mmoja ambao nimeukuta hata kwa watu wa miaka mingi kazini. Usimamizi upo wa aina mbili. Kuna usimamizi wa leseni, yaani sheria ya jimbo inasema PA afanye kazi kwa uhusiano gani na daktari. Huo mara nyingi hauhitaji daktari awe jengoni, na tangu 2020 Medicare yenyewe inaridhika PA akifuata sheria ya jimbo lake. Kisha kuna usimamizi wa insidenti-tu, ambao ni wa malipo tu. Kwa hiyo PA wenu kuona wagonjwa daktari akiwa likizo si kosa hata kidogo, kama sheria ya jimbo na mkataba wao wa kazi vinaruhusu. Anaweza kupima, kuandika dawa, kuagiza vipimo. Kinachobadilika ni jina kwenye dai, na kiwango cha malipo: asilimia 85 badala ya 100. Meneja anaposema "daktari anapatikana kwa simu", anajibu swali la leseni wakati wewe umeuliza swali la malipo.

Sasa tuitazame fomu yenyewe ya dai. Hata kama unatuma kwa kompyuta, ukiichapa utaiona ni CMS-1500, ile ya wino mwekundu. Kisanduku 24J kinauliza nani ametoa huduma, kwa kila mstari. Kisanduku 33 kinauliza nani alipwe. Kliniki yenu inakaa kwenye 33 siku zote, na hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya wakisema "si pesa zinaingia kliniki ileile?" Zinaingia, ndiyo. Lakini Medicare inapanga bei kwa kutazama 24J. Ukiweka pale tarakimu 10 za daktari, umesema mbele ya serikali kwamba huduma hii ni ya daktari, ama aliitoa mwenyewe ama ilitolewa chini ya macho yake. Ratiba ya kliniki, tiketi ya ndege na saini ya PA kwenye faili la mgonjwa vikisema vingine, hakuna wa kukutetea.

Kiasi chenyewe? Chukua ziara ambayo kiwango cha daktari ni dola 100, kwa ajili ya hesabu nyepesi. Ikiwa ya daktari, Medicare inalipa 80 na mgonjwa, au bima yake ya ziada, analipa 20. Ikiwa ya PA, kiwango ni 85: Medicare inalipa 68, mgonjwa 17. Kwa hiyo kila dai mnaloweka jina la daktari isivyostahili linachukua dola 12 za Medicare na dola 3 za bibi wa watu. Na kama bibi huyo hajamaliza kiasi cha mwaka anachotakiwa kulipa mwenyewe kabla Medicare haijaanza, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 257, basi zote 15 zinaweza kuwa zake. Watu wa ofisini hupenda kusema ni hela za serikali. Angalia karatasi ya mgonjwa kwanza.

PA akiona wagonjwa 20 wa Medicare kwa siku, kwa siku 10 za kazi, mmepata dola 3,000 za ziada. Upande wa pili wa mizani kuna sheria ya madai ya uongo, ya tangu 1863, enzi za Lincoln, ilipotungwa kuwabana wafanyabiashara waliokuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu. Inatoza mara 3 ya hasara, na juu yake faini ambayo siku hizi inazidi dola 14,000 kwa dai moja. Kwa dai, si kwa kesi. Na "kujua" kwa sheria hiyo si lazima uwe umekusudia wizi. Kufumba macho makusudi kunatosha.

Ukitaka kuielewa insidenti-tu vizuri, tembea nami kwenye siku moja ambayo daktari yupo.

Saa 3 asubuhi anaingia mzee wa miaka 74. Miezi 2 iliyopita daktari alimwona, akamwanzishia dawa ya presha na kuandika kwenye faili: arudi kwa PA, presha ikiwa bado juu apandishiwe dozi. PA anampima, presha bado juu, anapandisha dozi kama ilivyoandikwa. Daktari yuko chumba cha pili na mgonjwa mwingine. Hiyo ni insidenti-tu safi. Dai liende kwa jina la daktari, asilimia 100.

Saa 4 anaingia mama ambaye hajawahi kufika kliniki kwenu. PA anamwona. Daktari bado yuko chumba cha pili, mlango wazi, hata kikohozi chake kinasikika. Hapana. Mgonjwa mpya hana mpango wa daktari wa kufuatilia. Dai ni la PA, asilimia 85. Haijalishi daktari yuko karibu kiasi gani.

Saa 5 mzee mwingine wa presha, mwenye mpango wa daktari kama yule wa kwanza. Mambo yanakwenda vizuri, PA ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa, ndipo mzee anaposema, "Halafu, kuna hili goti, limevimba tangu Jumapili." Hiyo "halafu" ya mlangoni ndiyo inayovunja madai mengi kuliko udanganyifu wote. Goti ni tatizo jipya. PA akilishughulikia mwenyewe, ziara yote inakuwa ya PA. Kama kliniki inataka iwe ya daktari, daktari aingie mwenyewe, alishike hilo goti, aamue, na aandike alichoamua. Kuchungulia na kusema "nakubaliana na PA" kisha kuweka saini si kulitibu goti.

Alasiri daktari wenu anaondoka saa 9 kumchukua mtoto shule, na PA anaendelea mpaka saa 11. Ziara za saa 9 kurudi nyuma zinaweza kuwa insidenti-tu. Za saa 9 kwenda mbele ni za PA, hata kama mgonjwa ni wa ufuatiliaji na mpango ni wa daktari. Kliniki yenye madaktari wawili ingekuwa na nafuu: daktari mwenzake wa kundi lilelile akiwepo anaweza kusimamia, ila 24J inachukua NPI ya huyo aliyekuwepo, si ya yule aliyeanzisha matibabu. Ninyi mna mmoja. Kwa wiki hizi 2 hakuna dai hata moja la PA linaloweza kuwa insidenti-tu. Hata la yule mzee wa saa 3.

Hapo ndipo tunafika kwenye fundo lenyewe, maana nadhani meneja wako hakuanza na tamaa. Ameanza na usajili. PA amefika, NPI anayo, leseni anayo, lakini hajaingia kwenye vitabu vya Medicare, na mishahara inatakiwa Ijumaa. Jina la daktari likawa kama mwamvuli wa kuazima. Hili nimeliona kwenye kliniki nyingi kuliko kosa jingine lolote, na kwa bima zote.

Muulize meneja swali moja. Usimuulize kama maombi ya PA yametumwa, atakwambia yametumwa. Muulize yalitumwa tarehe gani, akuonyeshe uthibitisho wa PECOS, ule mfumo wa Medicare wa kujisajili. Tarehe hiyo ndiyo yenye pesa. Maombi yakikubaliwa, usajili wa PA huhesabiwa kuanzia siku maombi yalipopokelewa, au siku aliyoanza kazi pale kama hiyo ndiyo ya baadaye, na kliniki inaruhusiwa kudai huduma za mpaka siku 30 kabla ya hapo. Tena Medicare inakubali dai mpaka miezi 12 baada ya siku ya huduma. Weka hayo mawili pamoja: kama maombi yalitumwa alipoanza kazi, hakuna dai la wiki hizi 2 lililopotea. Yaweke kando, yasubiri barua ya usajili, kisha yatume kwa NPI ya PA. Mtapata 85 zenu halali, mkichelewa miezi michache. Kama maombi hayajatumwa kabisa, na hilo hutokea mtu akidhani mwenzake ametuma, basi yatumwe leo kabla ya chakula cha mchana, maana kila siku inayopita, siku moja ya mwanzoni inatoka nje ya zile 30.

Mwezi uliopita, daktari alipokuwepo, mambo yanaweza kuwa tofauti. PA ambaye hajasajiliwa anaweza kufanya kazi chini ya insidenti-tu kama mtumishi mwingine yeyote wa kliniki mwenye leseni, ilimradi masharti yote yametimia. Kwa hiyo usifute yote kwa hofu. Chukua ratiba ya mwezi ule, kalenda ya daktari na mafaili, pitia ziara moja moja: mgonjwa wa zamani? tatizo la zamani? mpango wa daktari umeandikwa? daktari alikuwepo saa ile? Jibu likiwa "hapana" au "sijui", dai hilo linaingia kwenye rundo la kurekebisha. Faili lisiposema, chukulia halikutokea.

Na urekebishaji wenyewe ni wa kawaida. Kama dai bado halijalipwa au limelipwa juzi, kampuni inayoshughulikia madai ya Medicare ya eneo lenu ina utaratibu wa kulifungua upya au kupokea fedha zilizozidi kwa hiari. Kliniki ikishatambua imelipwa zaidi, sheria inaipa siku 60 kutoa taarifa na kurudisha. Fedha zilizoshikiliwa kwa makusudi baada ya hapo ndizo zinazogeuka kuwa madai ya uongo. Siku 4 za kliniki ndogo, zikirudishwa ndani ya mwezi mmoja na barua fupi ya kueleza, ni makosa ya kiofisi. Ofisi hizo hupokea barua za namna hiyo kila siku.

Nakwambia kwa uhakika kwa sababu yalishanikuta. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi kwenye kliniki ambayo daktari kila Alhamisi alikuwa kwenye upasuaji mji wa pili, na PA akibaki. Sisi wa madai tulikaa chumba cha nyuma, hakuna aliyetuambia lolote, programu ikawa inaweka jina la daktari yenyewe kwenye kila ziara. Siku moja akapiga simu bibi mmoja, mkali kwelikweli. Karatasi yake ya Medicare imeandika ameonwa na daktari fulani mara 6. "Huyu mwanamume sijawahi kumtia machoni," akasema. "Mimi huonwa na msichana mmoja mpole mwenye miwani." Nilicheka kwanza. Kisha nikafungua kalenda. Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Kurudi nyuma kunaweza kufika miaka 6, na tulirudi nyuma. Tulirudisha fedha, daktari akanuna mwezi mzima, na kuanzia hapo kila asubuhi mpokeaji wa wagonjwa akawa anaandika kwenye daftari saa daktari alipoingia na saa alipotoka. Daftari la shilingi mia, kama tungesema nyumbani. Ningeshauri hata ninyi muwe nalo.

Namna ya kumwambia meneja: iandike, usiseme tu. Barua pepe ya kazini, mistari mitatu au minne, bila kumtuhumu mtu. Sema kwamba daktari hayupo kuanzia tarehe fulani, kwamba kwa uelewa wako masharti ya insidenti-tu hayatimii bila yeye kuwepo, kwamba umeyaweka kando madai ya PA ukisubiri usajili wake, na kwamba unaomba maelekezo ya maandishi kuhusu yale ya siku 4. Wengi wakiombwa maelekezo ya maandishi hubadilika sauti. Usijitumie kwenye barua yako binafsi orodha za wagonjwa wala kupiga picha mafaili kwa simu yako, hata ukidhani unajilinda. Sheria ya siri za wagonjwa ya 1996 itakugeukia wewe. Andika tarehe, nani alisema nini, basi. Wakikulazimisha, sheria ileile ya Lincoln inakataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi aliyejaribu kuzuia madai ya uongo, na hapo tafuta mwanasheria anayejua mambo hayo kabla hujafanya lolote kubwa. Na kama unafanya kazi kwa viza, mwambie mwanasheria hilo kabla ya yote.

Umeuliza kwa nini PA anapunjwa. Swali la haki, na historia yake inachekesha kidogo. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, mwaka 1965. Daktari Eugene Stead aliona vijana waliotoka jeshi la majini, waliokuwa wakihudumia majeruhi huko, wakirudi uraiani bila kazi inayofanana na ujuzi wao, huku madaktari hawatoshi. Akaanzisha mafunzo, na wa kwanza watatu wakahitimu 1967. Wazo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa: nyumbani tabibu amekuwa akiendesha zahanati tangu hatujazaliwa. Amerika ilipata watu kwanza, kisha ikahangaika namna ya kuwalipa. Sheria ya 1977 ilifungua mlango kwa kliniki za vijijini. Ile ya 1997 ndiyo iliyosema PA alipiwe kila mahali, na kuanzia Januari 1998 kiwango kikawa asilimia 85 ya daktari. Hoja ni kwamba masomo yake ni mafupi na gharama zake ni ndogo. Mpaka mwisho wa 2021 hakuruhusiwa hata kupokea malipo ya Medicare mwenyewe, yalikwenda kwa mwajiri. Tangu Januari 2022 anaruhusiwa, ingawa wengi bado wanayaelekeza kliniki, na PA wenu atafanya hivyohivyo.

Mimi naona kosa kubwa si ile 85. Kosa ni kuwa na bei 2 za ziara ileile, kwa chumba kilekile na PA yuleyule, na tofauti iwe kama daktari ametoka kwenda kula au hajatoka. Hali hiyo inamshawishi kila meneja mwenye bajeti ngumu. Tena inaficha kazi: madai ya insidenti-tu yanafanya ionekane daktari mmoja anaona wagonjwa wa watu wawili, na PA haonekani kabisa kwenye takwimu. Tume ya MedPAC inayolishauri Bunge la Marekani ilipendekeza mwaka 2019 utaratibu huo ufutwe kwa PA na kwa wauguzi wa ngazi ya juu, kila mtu adai kwa jina lake. Bunge halijafanya hivyo.

Yaliyosemwa hapa ni ya Medicare, ofisini. Usiyapeleke kila mahali. Hospitalini hakuna insidenti-tu. Kuna ziara ya kugawana, daktari na PA wa kundi moja wamemwona mgonjwa mmoja siku moja, na dai linakwenda kwa aliyefanya sehemu kubwa: zaidi ya nusu ya muda, au ile kazi ya kuamua matibabu, na unaweka modifaya (alama inayoongezwa kwenye namba ya huduma) FS. PA akisaidia kwenye upasuaji, modifaya ni AS, na malipo ni asilimia 85 ya zile asilimia 16 ambazo daktari msaidizi wa upasuaji angepata, yaani 13.6. Kliniki za vijijini zilizosajiliwa rasmi zinalipwa kiwango kimoja kwa ziara, awe daktari au PA, kwa hiyo ugomvi wote huu haupo kwao. Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hufuata jimbo, nawe soma mwongozo wa Minnesota wenyewe.

Bima binafsi ndizo zenye vituko. Kuna zinazofuata Medicare neno kwa neno, kuna zinazotaka PA asajiliwe kabla hajagusa mgonjwa wa bima hiyo na hazirudi nyuma hata siku moja, na kuna zinazosema wazi kwenye mkataba kazi ya PA idaiwe kwa jina la daktari msimamizi. Hiyo ya mwisho ikiwa kwenye maandishi, ifuate kwa bima hiyo, na ujue haikupi ruhusa kwa nyingine. Tengeneza karatasi moja, bima zenu zote kushoto, kanuni ya PA kulia, tarehe uliyoisoma pembeni. Ibandike ukutani. Wagonjwa wa bima zisizorudi nyuma wapangiwe kumwona daktari akirudi, kama tatizo lao linaweza kusubiri.

Sasa lako. Utabibu wa diploma haubadilishwi kuwa PA kwa kufanya mtihani tu. Sheria za hapa zinataka uhitimu programu ya PA iliyoidhinishwa Marekani, ambayo leo ni shahada ya uzamili ya takriban miaka 2 na miezi kadhaa, kisha ufaulu PANCE, mtihani wa maswali 300, ndipo uombe leseni ya jimbo. Kabla ya hapo utahitaji shahada ya kwanza na masomo ya sayansi kama kemia na anatomia, na vyuo vingi vinataka yawe ya Marekani na si ya zamani sana. Ila vyuo hivyo pia vinahesabu saa ulizokwisha hudumia wagonjwa, mara nyingi kwa maelfu, na wenzako darasani watakuwa wakizitafuta kwa kuendesha magari ya wagonjwa na kuosha wazee. Wewe umezalisha na kushona, mara nyingi usiku, pengine kwa taa ya simu. Si kila chuo kinakubali saa za nje, kwa hiyo uliza kimoja kimoja kabla hujalipa ada ya maombi. Na mwombe mganga mfawidhi wa kituo chako cha zamani akuandikie barua yenye tarehe, idadi ya saa kwa wiki, na mihuri. Mwombe sasa, kabla hajahamishwa.